Mama Neema, hao si wajamaa

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Umeme umekatika tangu alasiri, nakuandikia barazani, na upepo unaleta harufu ya dagaa kutoka Mwaloni. Usitamani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Yule mzee unayemtunza hapo Leeds, Uingereza, anakwambia kila asubuhi kwamba chama chake cha Conservative, cha mahafidhina wa mrengo wa kulia, kimemsaliti, kimegeuka cha mrengo wa kushoto, yaani cha kijamaa, kimewafungulia wageni mlango. Na wewe uliyepita mlango huohuo umemshikia kikombe cha chai, huna la kusema! Nilicheka, halafu nikaona mzee ana hoja, ingawa nusu.

Hesabu ziko upande wake. Mwaka 2010 Cameron, kiongozi wa chama hicho wakati huo, aliahidi kwamba wanaoingia, ukitoa wanaoondoka, watashuka hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Ilipofika 2023, chama hichohicho kikiwa madarakani na Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, imeshapita, idadi ilivuka 900,000. Waukraine wamo, watu wa Hong Kong wamo, wanafunzi wamo. Walezi wa wazee wamo pia, maana Februari 2022 serikali hiyo iliwaweka kwenye orodha ya kazi zenye upungufu wa watu. Majukwaani lakini ilikuwa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, Rwanda, Rwanda, hadi sisi majirani wa Kigali tukachoka kusikia. Mpango ule ulitangazwa Aprili 2022, na mpaka wanaangushwa Julai 2024 haikuruka ndege hata moja ya kumpeleka mtu kwa nguvu. Konda anaita Igoma, dereva anakata kona kwenda Buhongwa.

Lakini kushoto? Hapo mzee wako namkatalia.

Babu yangu mzaa mama, yule Mha wa Kibondo, alikuwa manamba. Alipelekwa Tanga kukata mkonge, akapewa mkataba na namba, na hadi anazeeka alikuwa akiitaja namba yake kama mtu anavyotaja jina la ukoo. Wenye mashamba wale walitaka watu waje, tena wengi. Mke, watoto na maneno ya haki ndivyo walivyotaka vibaki Kibondo. Sijasikia mtu aliyewaita wajamaa kwa sababu hiyo.

Sasa jitazame wewe, na usinikasirikie. Ulifika Mei 2024. Tangu tarehe 11 Machi mwaka huo mlezi aliyeingia hakuruhusiwa kuja na mtoto wake, na waliopitisha sharti hilo ni haohao Conservative. Mikono yako wameitaka. Neema abaki Igoma kwa bibi yake. Huo si ukushoto, mwenzangu, ni mrengo wa kulia wa mwenye shamba. Chama cha namna hiyo kina mabwana wawili, mpiga kura anayetaka geti lifungwe na mwajiri anayetafuta mtu wa mshahara mdogo. Mmoja hupewa hotuba, mwingine hupewa viza. Tazama hata Italia: Meloni wa mrengo wa kulia aliingia uwaziri mkuu 2022 akizilaani boti za wahamiaji, kisha serikali yake ikapanga vibali vya kazi 452,000 kwa miaka ya 2023 hadi 2025.

Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani wa chama cha mahafidhina, namtoa kwenye kapu hili. Mwaka 2015, alipowapokea Wasyria, nadhani alikwenda kweli mahali ambapo wenzake wa chama hawakuwa wamezoea kukanyaga. Nafasi aliyoiacha ikachukuliwa na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichozaliwa 2013 kwa ugomvi wa sarafu ya euro, wala si wa wageni. Uchaguzi wa 2025 kilipata asilimia 20.8.

Tena mzee angegeuza shingo upande wa pili, angeona wanaohama hasa ni wale wa kushoto. Mette Frederiksen wa Denmark, kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha tangu zamani, aliingia madarakani 2019 akiwa mkali kwa wakimbizi kuliko baadhi ya mahafidhina. Na hao Labour wenu wa kushoto, waliowaangusha Conservative, Julai 2025 wamefunga kabisa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Mwambie hilo kesho, ila subiri kwanza amalize chai.

Uliuliza kama unaruhusiwa kupiga kura. Ndiyo, unaruhusiwa. Tanzania imo Jumuiya ya Madola, na raia wa Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kuchagua hata mbunge. Wanafunzi wangu wa Uraia walibisha kipindi kizima, mmoja akadai nimelitunga. Umpe nani, hapo sikuchagulii: mmoja amekuzuia kuja na mtoto, mwingine amefunga mlango nyuma yako. Farage wa chama cha Reform UK, anayepinga wahamiaji, ndiyo usiseme.

Neema hajambo. Jino la mbele limeng'oka, na amelifunga kwenye karatasi akuoneshe ukija. Viatu vya shule vimembana, sasa anavaa namba 33. Ukipiga simu, piga kabla ya saa mbili usiku wa huku, maana bibi siku hizi analala mapema na simu anailalia.

Wako,
Mwalimu wa Kirumba