Mama, usije Julai, njoo Novemba

Ibra, Oman
Mwishoni mwa Juni

Kwa mama yangu mpenzi, na wote mliopo nyumbani Konde, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, hofu na mashaka ni juu yenu. Mjukuu wako anaendelea vyema. Ananyonya, ananenepa, na juzi kajigeuza mwenyewe kutoka chali akalala kifudifudi, baba yake karibu alie kwa furaha. Khamis, barua hii msomee Mama yote mpaka mwisho, usikate njiani, maana nimeiandika kwa jambo moja na nataka alisikie lote.

Mama, ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza usiku peke yangu. Umesema umeshachoka kumuona mtoto kwenye simu, pasi iko tayari, na utakuja katikati ya Julai kabla watu hawajazama kwenye karafuu. Nilipokwambia kuna joto ukanijibu, "Joto? Kwani mimi nimezaliwa wapi?" Hakuna kitu ninachokitaka duniani hivi sasa kama kukuona unaingia mlango huu. Lakini nakuomba, usije Julai. Njoo Novemba.

Joto la kwetu nalijua, nimekulia humo. Mwezi wa Februari, masika bado hayajafika, mtu analala shuka linamnata mgongoni, anaamka anatoka barazani. Lakini joto lile lina pa kulikimbilia. Uko mwembe, iko baraza, iko pwani, na upepo ukija unakuja na nafuu. Huku upepo wenyewe ndio moto. Unatoka magharibi, kwenye jangwa la Rub' al Khali, wenyewe wanauita gharbi, na ukikupiga usoni unafumba macho na kugeukia ukutani. Kivuli nacho hakifai kitu. Ukisimama chini ya mtende saa saba mchana, jua limekuondokea kweli, lakini joto liko pale pale kwa sababu hewa yote imeshapata moto, ya juani na ya kivulini.

Wiki hii mchana tumefika nyuzi 45. Nyinyi Julai mchana mnapata 27 au 28, na usiku mnajifunika. Na hapa Ibra tuko bara, angalau usiku hushuka kidogo. Pwani ya upande wa Maskati ni taabu nyengine. Mwaka 2018, tarehe 26 Juni, mji wa Quriyat ulipitisha saa 24 nzima joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na alfajiri vikiwa ndani yake. Fikiria mtu anaamka kutawadha kwa ajili ya Alfajiri na nje ni zaidi ya 42.

Jua lenyewe siku hizi liko utosini hasa. Kwetu Pemba hupita juu ya vichwa Machi na Oktoba, huku ni sasa, kwani mstari wa Tropiki ya Kansa, pale jua linapoishia safari yake ya kaskazini, umepita karibu, kaskazini kidogo ya hapa. Adhuhuri nguzo ya uani haina kivuli cha kuonekana. Na siku ni ndefu. Alfajiri inaadhiniwa kwenye saa kumi, Magharibi inakuja saa moja kasoro, na muda wote huo wa katikati kuta zinakunywa joto ili zilitoe usiku.

Kinachonitisha zaidi ni jasho. Huku hulioni. Unatoka jasho, lakini hewa ni kavu mno, inalikausha kabla halijalowesha nguo, basi unajiona mkavu na mzima, kumbe mwili unaishiwa maji. Midomo ndiyo inayokwambia, inapasuka. Kanga ukiianika, ukirudi ndani kufunga dirisha na kutoka tena unaikuta imekauka. Wewe una presha, Mama, na mojawapo ya vidonge vyako ni cha kukojoza. Nilimuuliza daktari wa kituo cha afya nilipompeleka mtoto chanjo. Akaniambia mtu mzima mwenye presha, anayemeza dawa ya kupunguza maji mwilini, ndiye wa kwanza kudhurika na joto hili, hasa akiwa ndiyo kwanza amefika na mwili wake haujazoea. Baada ya maneno hayo sikuwa na la kujadili tena.

Basi utaniuliza, watu wanaishije? Wanaishi kwa kugeuza siku. Kazi ya shamba inafanywa baada ya sala ya Alfajiri, ikifika saa tatu kila mtu amesharudi. Maduka yanafungwa mchana, yanafunguliwa tena jioni, na usiku ndio kumechangamka. Watoto wanacheza mpira saa tatu usiku chini ya taa za barabarani. Serikali nayo ina sheria: Juni mpaka mwisho wa Agosti, wafanyakazi wa nje wasifanyishwe kazi kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Ni sheria ya haki, na natamani saa zenyewe zingekuwa nyingi zaidi, maana vijana wa watu wanaojenga barabara hapa nimewaona saa tano wameshafunika nyuso zote kwa vitambaa, yamebaki macho.

Ndani ya nyumba kuna kiyoyozi, ni kweli, na bila hicho nisingeweza kulea. Lakini Mama, wewe kukaa chumbani umefungiwa madirisha mwezi mzima hutaweza, nakujua. Utataka kutoka uani asubuhi, utataka kwenda kwa jirani. Hata maji yana mambo yake. Tangi liko juu ya paa, na mchana maji yanayotoka bombani huwezi kumuogeshea mtoto, yanaunguza. Mavyaa wangu ndiye aliyenifundisha: ile hita ya bafuni tunaizima umeme kuanzia Mei, maji yanakaa humo ndani kivulini yanapoa, kisha tunafungua bomba la maji moto ili tupate maji baridi. Hilo nilidhani anapitiwa mpaka nilipotia mkono.

Mavyaa anakusalimu sana. Amezaliwa Wete, na Kiswahili chake ni cha huko hasa. Si yeye peke yake. Koo nyingi za Sharqiya, upande wetu huu wa Oman, zilikwenda Unguja na Pemba zamani kwa majahazi, na wengi wakarudi baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970. Jumatano kuna soko la wanawake hapa Ibra, wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake, nguo, vipodozi, viungo, udi. Tunakwenda mapema maana ikikaribia adhuhuri linavunjika. Humo utasikia shikamoo na marahaba za bibi wa makamo yako, na mmoja anayeuza mdalasini akisikia mimi natoka Konde hanitozi bei ya watu.

Sasa nikusimulie kitu kizuri cha joto hili, usije ukadhani nalia tu. Ndilo linaloivisha tende. Naghal ndiyo inayotangulia, imeshakwisha kuliwa karibu yote, sasa tunakula khunaizi na khalas zikiwa rutab, laini, na utamu wake unatosha kumwachisha mtu sukari kwenye chai. Hapa kwetu na jirani zetu wa Bidiya iko nyengine inaitwa mabsali, na hiyo hawaiachi iive mtini. Inakatwa ingali ya manjano, ngumu, mikungu mizima inateremshwa kwa kamba. Wakwezi wanajifunga kiunoni na shina la mtende, wanaegemea nyuma, mikono yote miwili inabaki huru kwa kazi. Chini watu wamekaa duara wananyofoa tende kutoka kwenye vikonyo, wanawake, wazee na watoto, mazungumzo hayakatiki, na wallahi ukifumba macho utadhani uko ukumbini kwa shangazi tunachambua karafuu na makonyo. Kisha tende zinatiwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, zinachemshwa kiasi cha robo saa au zaidi, moto wa makuti na magogo ya mtende. Zinatekwa, zinamwagwa uwanjani, zinaanikwa juani siku kadhaa mpaka zikauke kabisa. Nyingi zinakwenda India. Nilikaa karibu na sufuria lile muda mdogo tu, alfajiri kabla jua halijatoka, na mvuke wake ni mtamu, unanatia kwenye nyusi. Wanaolikoroga wanakaa hapo mpaka jua limepanda. Nimewaombea.

Mitende yenyewe hainywi mvua, maana mvua ya huku kwa mwaka mzima haifiki hata moja katika kumi ya mvua ya Pemba. Inanyweshwa kwa falaji, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi milimani, na kila mwenye shamba ana zamu yake inayohesabiwa kwa nusu saa nusu saa. Mkwe wangu zamu yake wiki iliyopita iliangukia saa nane usiku, akaenda na tochi. Maji yamepungua, anasema, ndivyo yanavyokuwa kila kiangazi mvua za milimani zikichelewa. Mvua ikija inakuja ghafla, mawingu ya alasiri juu ya milima, saa moja tu, na wadi, yaani bonde la mto, lililokuwa kavu linashuka maji ya kubeba gari. Tena Juni ni mwezi wa vimbunga vya baharini, wanakitaja mpaka leo kile cha Gonu cha 2007 kilivyoiharibu Sur na Maskati.

Khamis kanambia kusi limeshika huko. Mama, kusi hilo hilo mnalolipata ndilo linaloendelea mpaka huku. Likishavuka ikweta linapinda, linaambaa na pwani ya Somalia, linafika Dhofar, kusini ya Oman, na mji wa huko, Salalah, unapata msimu wake wa kharif, kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba, ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani, na kuna minazi na migomba kama nyumbani. Ndilo lililowarudisha Waarabu na majahazi yao baada ya kuja kwetu na kaskazi. Huku Ibra halifiki, linaishia pwani. Ijumaa iliyopita mume wangu alituchukua Al Ashkharah, ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari, tumetoka hapa nyuzi 44, tumefika kule buibui linapepea na mtoto nikamfunika shali. Bahari imechafuka, wavuvi wamezivuta mashua juu mchangani, na maji ni ya baridi kweli, kwa sababu upepo ule unayasukuma ya juu na kuyainua ya kilindini. Watu wa Sharqiya wote wamejaa pale na mikeka yao na birika za kahawa. Nilikaa nimeelekea kusini, nikamwambia mtoto upepo huu umepita kwa bibi yako. Nikalia kidogo, sikufichi.

Kwa hiyo Novemba. Mchana unakuwa wa kupendeza, usiku unataka blanketi, madirisha yote yanafunguliwa na tunakaa uani mpaka usiku wa manane. Utamkuta mtoto anakaa mwenyewe, pengine anatambaa, na utaweza kumbeba mpaka sokoni Jumatano asubuhi bila ya mimi kuwa na roho juu. Najua utasema Novemba ndiyo vuli, na karafuu pengine bado ziko mtini. Shamba la bondeni shangazi na Khamis watalisimamia, nimeshazungumza nao wote wawili, na fedha za wachumaji nitaleta mimi. Ukiona Novemba haiwezekani kabisa, basi Disemba au Januari, bado ni baridi. Julai na Agosti ndizo nisizozitaka.

Tiketi tutakata sisi, usiuze kitu. Khamis, hakikisha pasi ya Mama muda wake unapita miezi sita kutoka Novemba, na umpeleke Chake akapime presha kabla ya safari, uniandikie majina ya vidonge vyote jinsi yalivyo kwenye boksi. Mama, lete sweta, lete viatu vya kufunika vidole. Mavyaa anaomba halua ya Wete na kanga moja ya rangi ya samli, zaidi ya hapo usijitie mzigo.

Nisalimie bamkubwa, shangazi na watoto wote, na jirani wa mbele mwambie dawa aliyoniagiza ya magoti nimeipata. Nitapiga simu Ijumaa baada ya sala. Khamis awepo nyumbani, nataka kusikia tarehe.

Wasalaam,
Mwanao akupendaye