Faini ya Ojiugo alilipwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kuwa riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), inamdhalilisha mwanamke wa kijijini. Wakasome tena kisa cha Ojiugo, mke mdogo wa Okonkwo, mhusika mkuu. Kaenda kusukwa nywele kwa shoga yake, kachelewa kurudi kupika. Okonkwo anamtandika katikati ya Wiki ya Amani, juma takatifu kabla ya kupanda ambalo ugomvi umekatazwa. Kuhani anamtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100, makombe yaliyotumika kama fedha. Vyote vinapelekwa kwa Ani, mungu wa kike wa ardhi. Ojiugo mwenyewe haambulii hata pole! Achebe hahubiri, anatuachia tujionee, nasi wengi tunapita bila kuona.

Mimi lawama yangu iko shambani. Viazi vikuu, zao la wanaume, vinasimuliwa kwa kirefu, kuanzia mbegu hadi miti ya kutambazia. Majimbi, maharage na mihogo, mazao ya wanawake, yanatajwa kwa pumzi moja. Mimi niliyelelewa kwa mihogo ya mama ningependa nimwone Ekwefi, mke mwenza wa Ojiugo, ameshika jembe, si mwiko tu.

Msomaji wako,
Morogoro