Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bagamoyo

Ndugu wanachama, wazee wetu wa ngoma na vijana wa vyuo vikuu,

Wakubwa shikamooni. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimeingia kwa kusuasua kama kawaida yetu, na turubai hili tulilokaa chini yake ni la kuazima.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kuwakutanisha wanafunzi wa shahada ya muziki na wapigaji wa ala za jadi. Mji huu si mgeni wa mambo hayo: Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kilianza 1981, na marehemu Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliishi hapahapa, ilimba yake (ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba) ikasikika mpaka Ulaya. Ila mara nyingi chuo kikuu humjia mzee kwa siku moja tu. Kijana anafika na kinasa sauti, anauliza maswali yake, anaondoka kwenda kuandika tasnifu; mzee anabaki na chupa tupu ya soda. Safari hii tulikataza kurekodi mpaka wiki ya pili. Kwanza kaa, piga.

Siku ya tatu kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, aliona utando wa buibui kwenye matundu ya ilimba akaupangusa kwa kitambaa. Kumbe ndio unaoipa ala ule mvumo wake! Mzee alinyamaza kitambo, kisha akacheka, akamchukua kijana wakaenda kutafuta mwingine nyuma ya mabanda ya kuku. Walirudi saa kumi jioni, magoti yamejaa vumbi, na kijana akaubandika mwenyewe.

Mvutano wa kweli ulikuja tulipoleta kinanda cha umeme. Kinanda huigawa oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi ya jina lilelile juu yake, vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nusu-toni. Ilimba ya Kigogo hufuata sauti za asili zinazojificha ndani ya sauti moja ya chini, na ile ya saba huwa chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Wanafunzi wakasema ilimba irekebishwe. Mzee akauliza: kwa nini kisirekebishwe hicho chenu? Binti mmoja wa mwaka wa tatu akafungua kompyuta yake, akaishusha noti ile kidogokidogo huku mzee akitikisa kichwa, mpaka akasema, "Hapo." Wimbo waliotunga usiku ule mtausikia baada ya chakula.

Kuhusu haki: kila rekodi sasa ina karatasi yenye jina la mpigaji na la aliyetunga, imesainiwa na wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Uvivu wa kuandika ni wetu wenyewe.

Lililonikera ni malipo. Chuo kimoja kilikataa kumlipa mzee wetu kiwango cha mwalimu kwa kuwa hana cheti, kikampa posho ya mgeni. Huyo mwenye cheti cha ilimba wanamtoa wapi? Tumeandika barua ya pili, majibu bado.

Kundi lijalo la wanafunzi litahitaji malazi ya wiki tatu. Mwenye chumba amwone katibu kabla pilau haijapakuliwa, maana baada ya hapo hatumpati mtu.