Mwanangu, usinambie niache mwani

Mwanangu,

Voisi yako niliisikiliza usiku nikairudia tena baada ya swala ya alfajiri. Unasema niache mwani, mgongo umechoka na bei haina maana, nije Dar nikae na wewe. Nimefurahi wallahi kuona unanifikiria, ila nimeona nikuandikie, mana kwa voisi ntalia tu.

Unaukumbuka mwani mnene, aina ile ya bei nzuri? Bati la nyumba hii limetoka kwenye mwani ule, na sare zako za skuli pia. Ulianza kulimwa hapa Paje, Unguja, na kwa jirani zetu wa Jambiani mwaka 1989, mbegu zimetoka Ufilipino, mimi nilikuwa kigori na bibi yako ndo alonishika mkono kunipeleka pwani. Saivi kwenye maji mafupi mnene hauoti kabisa. Unafunga mbegu nzuri, ukirudi baada ya wiki mbili unakuta imepauka nyeupe, inalegea, inakatika vipande mkononi. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kukauka sana, bahari inakupwa asubuhi, ikifika saa nne saa tano na jua la kaskazi yale maji kidogo yalobaki yanakuwa moto mpaka miguu unaihamisha hamisha. Tumebaki na mwembamba ambao unavumilia lakini bei yake ni ndogo sana. Mwaka 1998 wavuvi walikuja wakisema matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa, sisi tukadhani ni mambo ya mwaka ule tu, kumbe ni joto hili hili.

Sasa kuna jambo sijawahi kukwambia. Zile taitai za kufungia mwani ni plastiki, na miaka yote tulikuwa tukivuna tunazikata tunaziachia hapo hapo, maji yanachukua. Vijiti vya kufungia kamba tulikata mikoko. Na shamba jipya kwanza tulikuwa tunang'oa nyasi za baharini zote pawe peupe, na mimi nilikuwa hodari wa kung'oa, nikisifiwa. Zile nyasi ndo chakula cha tasi, ndo wanamojificha samaki wadogo, alafu tasi wakipungua tunawalaumu wenye nyavu ndogo. Nilipofahamu hilo sikulala vizuri siku nyingi.

Usinifahamu vibaya. Bahari hatukuitia joto sisi, mimi gari sina, ndege sijapanda, napikia makumbi na ule mtungi wa gesi ulonitumia, waliochoma mafuta miaka na miaka wako mbali na huku hawapajui, na hilo linaniuma sana. Lakini taitai ni zangu.

Kwa hiyo saivi nikienda pwani nafunga mfuko kiunoni, kila taitai iliyokatika inaingia humo, na nikizikuta za wenzangu naokota pia. Nyasi sing'oi tena, nafunga kamba kwenye mchanga mtupu hata kama ni mbali zaidi kutembea. Usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, tunatengeneza wenyewe kwa kufukia makumbi kama zamani, nasokota kamba nyembamba za kufungia badala ya taitai, kazi yake kubwa na vidole vinachubuka, nimefunga kamba nne tu mpaka sasa lakini mwani umekaa, na ikikatika inaoza haimdhuru kasa wala samaki.

Na kuna hili la maji marefu. Kule chini maji hayachemki kama huku, mwani mnene bado unaota, unafungwa kwenye kamba zinazoelea na maboya. Tuko wanawake wanne tumekubaliana. Shida tumezaliwa ufukweni na hakuna hata mmoja anaejua kuogelea, tulikuwa tunaambiwa si mambo ya wanawake, basi sasa kila jioni maji yakijaa tunaingia na madumu matupu kifuani tunajifunza, na juzi mwanangu niliachia dumu nikaenda hatua kama tano peke yangu, moyo unanidunda, wenzangu wanapiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuangalia.

Kwa hiyo Dar ntakuja kukutembelea, kuhamia hapana. Ukija Idi usininunulie beseni wala vyombo vya plastiki, vipo tele. Niletee nguo ya kuogelea ya kujistiri, ile yenye suruali na mikono mirefu, manake gauni likirowa linanivuta chini. Saizi yangu unaijua.

Mama yako