Kipanya kilicho mkononi mwako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao huku wateja wakinisubiri. Unasema unakesha ukikariri maneno ya bailojia, na kukicha yameshayeyuka.

Hebu kunja mkono, ukaze. Unakiona kile kinundu kinachopanda na kushuka chini ya ngozi? Warumi walikiona kama panya anayejificha, wakakiita musculus, yaani kipanya. Ndiyo "muscle" hiyo inayokutoa jasho. Sidhani kama utaisahau tena.

Na calculus kwa Kilatini ni kijiwe. Watu walihesabu kwa vijiwe, kama wewe darasa la kwanza ulivyohesabu kwa vizibo vya soda nilivyokutungia kwenye uzi. "Calculate" imetoka huko.

Ninalolipenda zaidi ni "candidate", lile lililo juu ya karatasi yako ya mtihani. Candidatus ni aliyevaa nyeupe. Aliyegombea uongozi Roma alilipaka vazi lake chaki mpaka ling'ae, ndipo apite sokoni kuwaomba watu kura. Kwa hiyo shati lako la shule lifue vizuri, mtahiniwa wewe.

Kuhusu "salary", watakuambia askari wa Roma walilipwa chumvi. Neno limetoka kwenye sal, chumvi, hilo kweli. Ila hayo malipo ya chumvi hayana ushahidi, usiyaandike popote.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbona Septemba ni mwezi wa tisa ilhali padri alitufundisha kwamba septem ni saba. Mwaka wa Warumi wa zamani ulianza Machi. Hesabu kuanzia hapo. Sisi nasi Jumatatu yetu ni ya tatu kwa sababu tunaanza kuhesabu Jumamosi, na hakuna anayeshangaa.

Mama yako anakusalimu. Amekuwekea leso mbili kwenye mfuko wa karanga. Hata hilo neno leso tulipewa na Wareno, nao walilirithi kutoka linteum ya Kilatini, kitambaa cha kitani.

Lile "photosynthesis" ulilolilalamikia nusu ukurasa limeundwa kwa Kigiriki. Kigiriki seminari walikianza nikiwa nimesharudi nyumbani kuchana mbao, kwa hiyo hilo muulize mwalimu wako.

Ni mimi baba yako.