Kimya chako kwa dada yako kimenitia wasiwasi

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Nashukuru Mungu homa imekuachia. Ila lile neno lako la mwisho ndilo lililoninyima usingizi: kwamba tangu wewe na dada yako mlipoacha kusemezana, una amani.

Niruhusu nibishe kidogo, unanijua.

Mimi na kaka yangu tulikaa mwaka mzima nyumba moja bila kusemezana. Nyumba ilitulia kweli! Nikitaka chumvi iliyo mbele yake, namtuma mtoto ainyanyue aniletee, hatua mbili tu. Watu wakiuliza, nasema nina amani. Funika kombe mwanaharamu apite. Usiku nalala nikipanga majibu ya maneno ambayo kaka wa watu wala hajayasema.

Yeremia aliwakemea waliotibu jeraha la watu juu juu, wakisema amani, amani, na kumbe hakuna. Nilipojifunza kwamba shalom ya Kiebrania ina shina la kitu kuwa kizima, kisichopungua, nilifurahi. Nilipoambiwa shina hilohilo hutumika pia kwa kulipa deni, furaha ikaisha. Maana deni nilikuwa nalo: nilimsema kaka mbele ya baba, tena kwa uongo.

Hebu fungua Yohana 20. Wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu. Nadhani nao walikuwa kimya, wananong'ona tu. Yesu akasimama katikati: "Amani iwe kwenu." Mara akawaonyesha mikono na ubavu, palipojeruhiwa msalabani. Hawa ndio waliomkimbia usiku aliokamatwa! Wala hakuyaficha makovu ili salamu ipendeze, wala hakuanza kuwasuta. Wahubiri wengi huwahi kwenye ile salamu, mikono wakaisahau. Mimi nakwama hapo kwenye mikono.

Sikwambii urudi kwa mtu anayekupiga au kukudhalilisha, la hasha. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wakae kwa amani na watu wote "kama yamkini, kwa upande wenu". Hiyo "yamkini" imeniokoa mara nyingi. Upande wa dada yako hukupewa uubebe. Lakini wako je? Kwenye barua yako hukuugusa hata kwa mstari mmoja.

Mimi nilianza kwa baba, nikamwambia ukweli, magoti yakinigonga. Kisha nikamgongea kaka chumbani. Alifungua mlango nusu, akanisikiliza mpaka mwisho, hakusema amenisamehe. Alisema tu, "Umekula?" Tulichukua miezi kadhaa baada ya hapo, na bado kuna siku ananijibu kwa mkato. Ila usiku ule nililala.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza. Nimewataja nyote wawili kwa majina katika sala ya jioni.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako mbishi