Hilo "tutakuombea" letu: barua ya wazi kwa kikundi cha maombi

Wapendwa wangu,

Bwana asifiwe. Tumepiga magoti pamoja miaka mingi, na baadhi yenu niliwapakata mkibatizwa, kwa hiyo mtanivumilia nikisema bila kuzunguka. Sina neno na mikesha yenu wala machozi yenu. Neno langu ni moja: hili "tutakuombea".

Dada anatusimamisha mlangoni baada ya ibada, anaanza kueleza kwamba mumewe ameachishwa kazi. Hata hajafika katikati, mkono umeshatua begani, jicho limeshahamia kwa mwingine, na mdomo umeshatamka: "Tutakuombea, mpendwa, Mungu ni mwema." Dada ananyamaza. Tunadhani amefarijika, kumbe tumemfungia mlango kwa adabu.

Simnyooshei mtu kidole, mimi ndiye wa kwanza. Ndugu mmoja aliuguliwa na mtoto, nikamwahidi kumwombea kila siku. Wiki tatu baadaye akaja kunishukuru, akanishika mikono yote miwili, akasema maombi yangu ndiyo yaliyomshikilia. Sikuwa nimelitaja jina la mtoto wake hata mara moja. Na nilijibu nini? "Utukufu kwa Bwana." Jina la Bwana nikalifanya shuka la kujifunika aibu.

Tunaupenda ule mstari wa Isaya ambao Yesu aliurudia katika Marko 7, "Watu hawa huniheshimu kwa midomo, ila mioyo yao iko mbali nami." Tunautumia kuwapiga wanaosinzia kanisani. Lakini endeleeni kusoma mpaka mstari wa 11, mkutane na Korbani. Mtu alikuwa akiitamka mali yake kuwa wakfu kwa Mungu, na kwa neno hilo moja hadaiwi tena kumsaidia baba wala mama. Neno takatifu, kazi yake kukwepa. Mimi naona "tutakuombea" yetu imeanza kufanana na Korbani. Yakobo naye, katika waraka wake, anamtaja anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," kisha asimpe kitu. Baraka nzuri kweli, ila tumbo bado tupu.

Hapa niwatulize wenye dhamiri nyepesi, maana najua wapo na leo hawatalala. Kuomba moyo ukiwa mkavu si unafiki. Kuna asubuhi ninasema Baba Yetu kama mtu anayetafuna mchanga, na bado ninaisema. Unafiki ni kudai sala usiyoisali. Yule mwanamke Hana, katika kitabu cha Samweli wa Kwanza, alipoomba midomo yake ilikuwa ikitikisika tu bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Asingepata sifa katika kikundi chetu, nina hakika. Tungemwambia aongeze sauti.

Basi ninaomba hivi. Mtu akikueleza shida yake, mwombee palepale, hata maneno matano, kabla hajaondoka. Kisha umuulize anahitaji nini, na uwe tayari kulisikia jibu, maana huenda ni nauli, au mtu wa kumkalia na mgonjwa usiku mmoja. Ukiwa huwezi, sema "pole" uishie hapo. Pole ya kweli haina deni. Na tafadhali, tusigeuze hili nalo kuwa ushuhuda wa kusimama mbele na kutangaza tulivyo wanyofu siku hizi.

Jumatano nitakuja na daftari la majina. La kwanza ni la yule mtoto. Nilimwendea baba yake juzi nikamwambia ukweli wote. Alikaa kimya kitambo, akacheka kidogo, akaniuliza, "Na leo, mzee, umemwombea?"

Nikamjibu bado.

Ni mimi mzee wenu.